Wifi Yangu na Kona ya Wimbo wa Taka

Wifi yangu Tseng Pi-yun amepiga piano katika miji ambayo mimi hata kuitamka siwezi. Amepigiwa makofi na watu waliovaa makoti meusi yenye mikia, ameletewa maua mengi kuliko ya mazishi ya diwani, na picha yake iliwahi kubandikwa kwenye kituo cha treni huko Ujerumani, ambako mhuni mmoja alimchorea masharubu. Picha hiyo, pamoja na masharubu yake, ninayo mimi. Naipenda kuliko zote.

Mimi ni mke wa kaka yake, naitwa A-kuei. Nauza wali wa bata mzinga hapa mjini kwetu Chiayi, katika duka lilelile alilotuachia mama mkwe, kwenye uchochoro wa nyuma ya hekalu. Nilipoolewa, Pi-yun alikuwa amekwisha kwenda ng'ambo, kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa na wifi wa kadi za posta. Habari zake nilizipata kwa mama mkwe, naye alikuwa akisimulia huku ananyofoa nyama ya bata, ndiyo maana kila nikiyafikiria maisha ya wifi yangu nasikia harufu ya vitunguu vya kukaanga.

Alisimulia kwamba mtoto alipoingia darasa la kwanza hakuwa na habari na michezo. Kengele ikilia tu, anakimbilia chumba chenye kinanda cha shule na kuanza kuutafuta, kwa kidole kimoja, kila wimbo aliousikia njiani. Mama mkwe akaona huyu ataivunja mali ya serikali, bora apelekwe kwa mtu. Akampeleka kwa Mwalimu Yen, bibi mmoja mwembamba aliyefunzwa enzi za Wajapani, mkali kama pilipili. Bibi huyo alikuwa akiweka sarafu mgongoni mwa kiganja cha mtoto. Sarafu ikianguka, unaanza upya. Ada ililipwa kwa mapaja ya bata mzinga. Mama mkwe aliapa kwamba mwalimu alianza kunenepa mwaka uleule, na kadiri alivyonenepa ndivyo ukali ulivyompungua.

"Kwa hiyo mtu asiniambie wali wetu hauna mchango katika muziki," alikuwa akisema.

Baadaye Pi-yun akaenda kusoma Taipei, mji mkuu wetu, kisha Ujerumani, akashinda shindano hili na lile, na ndipo zikaanza safari za majukwaani. Kazi yenyewe, kama alivyonieleza, si ya kuonewa wivu sana. Mpiga fidla anabeba fidla yake, analala nayo, anaijua. Mpiga piano anafika mji mgeni, anaonyeshwa piano asiyoifahamu, na jioni hiyohiyo anatakiwa awe ameshapatana nayo. Moja nzito, nyingine ina sauti ya bati, nyingine ina kitufe kimoja kinachogoma kurudi juu. Zile jeuri alikuwa akizisemesha kwa lugha ya nyumbani, pale watu wanapotoka na kumwacha peke yake: "Usinichezee, mimi mtoto wa muuza wali." Anasema nyingi zilikuwa zinasikia.

Basi mwaka mmoja akarudi. Alishuka kwenye teksi na masanduku mawili, akasema amekuja kupumzika kidogo. Mume wangu akampa ghorofa ya juu ya duka. Haikupita miezi mingi, watoto wakaanza kupanda ngazi zetu na vitabu vyao vya nota, wakishuka wananunuliwa wali na mama zao, nami sikuwa na malalamiko.

Ualimu anauweza, hilo nitalisema hata kama atavimba kichwa. Sarafu hatumii. Kulikuwa na kijana mmoja mnene, mtoto wa fundi pikipiki, ambaye kila kitu alikigonga kana kwamba yuko gereji na baba yake. Pi-yun akamshusha chini, akamwonyesha mume wangu aliyekuwa amesinzia kitini baada ya kazi ya mchana. "Pita mbele yake mpaka mlangoni, halafu urudi. Akiamka, umekosa." Kijana akapita kwa ncha za vidole, ulimi nje. Mume wangu hata hakujigeuza. "Haya, panda juu," akaambiwa. "Sasa piga hivyohivyo." Akapiga hivyohivyo, na mama yake aliyekuwa akisubiri mezani kwangu akaacha kutafuna.

Lakini Pi-yun mwenyewe alikuwa hapigi. Atakuonyesha sehemu fupi, kidogo hapa, kidogo pale, kisha anaondoa mikono. Siku ya watoto kuonyesha walichojifunza, walimu wengine hufunga shughuli kwa kupiga kipande chao. Yeye alijificha nyuma ya pazia kushika nguo za watoto. Barua za mwaliko kutoka Taipei alikuwa akizijibu kwa adabu na kukataa zote. Asubuhi alijifungia na kinanda cha umeme, amevaa hedifoni, nasi huku chini tulisikia vidole tu, tok tok tok, kama mtu anayekatakata vitunguu.

Hilo liliniuma. Nilikuwa nimeuza wali kwa jina la ukoo huu tangu usichana wangu, nikawaambia wateja wangapi sijui kwamba wifi yangu ni mpiga piano mkubwa, na mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia. Nilikuwa na haja moja tu: nimsikie kipande kizima, kabla masikio yangu hayajaziba.

"Wifi, unakula wali wangu bure," nikawa namchokoza. "Nipigie hata kimoja, tuwe sawa."

"Niandikie deni."

"Deni lako halina tena pa kuandikwa."

"Basi nipunguzie nyama," anasema, na kunyoosha bakuli aongezewe.

Kulikuwa na jambo jingine. Jioni gari la taka linapoingia mtaani na wimbo wake, sisi sote tunatoka na mifuko, tajiri kwa maskini, wenye kandambili na wenye nguo za ofisi, na pale ndipo habari zote za mtaa zinapopatikana. Pi-yun alikuwa hatoki. Anafunga dirisha. Taka zake nilibeba mimi, na kwa muda nikadhani ni maringo ya Ulaya.

Wimbo wa gari letu, kwa asiyeujua, ni kile kipande kidogo cha piano cha Mjerumani ambacho kila mtoto anayejifunza hukipitia. Sisi tunakijua kwa pua kabla ya masikio. Gari linapiga mwanzo wake tu. Likifika pale ambapo muziki ulitakiwa kukata kona uende kwingine, linarudi ulikoanzia, na tena, na tena, mpaka mfuko wa mwisho. Watoto wa hapa wakifundishwa kipande hicho wote wanaugua ugonjwa mmoja. Wakifika kwenye kona, mikono yao inarudi mwanzo yenyewe.

Siku moja mchana, duka likiwa limetulia, tulikuwa tumeketi tunamenya vitunguu, nikamuuliza kinagaubaga: "Wifi, kulikoni? Nani alikukata mikono?"

Akamenya kitunguu kimoja mpaka kikaisha, ndipo akaniambia. Ilikuwa katika ukumbi mkubwa, Ujerumani. Alikuwa amemaliza vipande vigumu vyote, vizuri kabisa, watu wamesimama, wanataka nyongeza. Kule juu kwenye viti vya bei ya chini aliona wanafunzi wa kwetu wanapunga mikono. Akasema moyoni, ngoja niwachekeshe hawa. Akaanza wimbo wa gari la taka.

"Nikafika kwenye kona," akasema, "mkono ukarudi mwanzo."

"Ukacheka?"

"Mara ya kwanza, ndiyo. Nikarudi tena kwenye kona. Mkono ukarudi tena. Wifi, nilikuwa sikumbuki njia ya kutokea. Kitu nilichokipiga nikiwa mtoto! Kila nikizunguka nasikia lile gari, nasikia mama anapiga kelele tushushe mifuko. Wale wanafunzi wanagaagaa kwa kicheko. Wajerumani wamekaa kimya, wanadhani ni mtindo. Mwisho nikasimama katikati, nikainama, nikatoka."

Nilijiuma midomo. Nitakuwa mwongo nikisema sikutamani kucheka.

"Cheka tu," akasema. "Ni kichekesho. Ila mji uliofuata, niko katikati ya sonata, kipande kirefu cha piano, nikaanza kuiogopa kona. Kona yoyote. Nikikaribia mahali panapofanana na pengine, mikono inaingia baridi. Usiku ule nilifika mwisho kwa bahati. Uliofuata sikwenda." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia vitunguu. "Sitapiga tena mbele ya mtu, wifi. Nifundishe, nile, nilale. Inatosha."

Haikutosha. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia yule Mjerumani aliyeutunga wimbo, na gari la taka, na mtu yeyote aliyetia sahihi kwamba taka zikusanywe kwa muziki.

Dereva wa gari hilo upande wetu ni Mzee Kao, mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Jioni moja, wakati natupa mifuko yangu na ya wifi, akachungulia dirishani.

"Bosi, yule mwalimu wa juu hana taka?"

"Anazo. Nazibeba mimi."

"Mgonjwa?"

"Mzima kuliko wewe."

"Basi anatunyanyapaa. Si neno, tumezoea."

"Hakukimbii wewe, Mzee Kao. Anakimbia wimbo wako."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. "Hata mimi ningeukimbia," akasema, "ila ndiye mimi ninayeuendesha." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kama wifi yangu anafundisha na watu wazima.

Kesho yake asubuhi akaja dukani, amechana nywele kwa maji. Binti yake wa pekee, Yi-chun, alikuwa anaolewa na kijana wa Budai, kule kwenye mashamba ya chaza. Yi-chun alipokuwa shule, wenzake walikuwa wakimwona tu wanaanza kuimba wimbo wa gari. Akiingia darasani, wimbo. Akienda ubaoni, wimbo. Alikuwa akirudi nyumbani hasemi, baba akimuuliza anasema amechoka.

"Sasa nataka siku ya harusi niupige mimi, kwa mikono yangu," akasema Mzee Kao. "Lakini wote, mpaka mwisho. Ajue ni wimbo wa watu wenye akili zao, si wa taka tu. Bosi, mimi nimeusikiliza kuliko mtu yeyote mji huu, na sijui hata baada ya pale kinafuata nini!"

Nikampandisha juu mwenyewe. Pi-yun alimsikiliza, akasema atamfundisha kipande chochote, isipokuwa hicho.

"Mwalimu, vingine sina haja navyo."

"Kuna vizuri zaidi."

"Najua. Lakini binti yangu hakuchekwa kwa hivyo vingine."

Pi-yun akanitazama mimi, kana kwamba nimemwekea mtego. Kweli nilikuwa nimemwekea. Akakohoa. "Nionyeshe mikono," akasema. Mzee Kao akaitoa. Ilikuwa minene, imekakamaa, lakini ameisugua kwa sabuni mpaka inanukia limau.

Mwanzo wa wimbo aliupata haraka, masikio yake yalikuwa yameukariri. Taabu ni kwamba aliupiga kwa mwendo wa gari, haongezi, hapunguzi, hakuna sauti kubwa wala ndogo.

"Usiuendeshe, Mzee Kao," nilimsikia Pi-yun akisema. "Uimbe."

"Nikiimba mke wangu anafunga mlango."

"Hapa hakuna mke. Imba."

Akaimba. Wateja wangu wakaweka vijiti chini wakatazama dari.

Siku walipofika kwenye kona, nilikuwa napanda ngazi na bakuli la supu. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Kao alipiga, akafika pale, akarudi mwanzo. Akasema samahani. Akapiga, akarudi. Akasema, "Mwalimu, hapa ndipo mimi huwa narudi. Nionyeshe tu."

Pi-yun akasogea, akaweka mikono. Nikasimama palepale na supu yangu. Akapiga mwanzo, laini, sijapata kusikia wimbo ule ukiwa laini vile; akafika kwenye kona. Na mikono ikarudi. Akakunja uso, akaenda tena. Ikarudi. Masikio yake yakawa mekundu, na nikajua sasa atasimama, atainama na kutoka, kama kule.

"Hee!" Mzee Kao akapiga paja. "Mwalimu! Na wewe?"

Pi-yun akatoa mikono kwenye vitufe.

"Kumbe si mimi tu! Nilidhani kichwa changu ndicho kibovu. Mpaka Ulaya umefika, na bado gari langu liko ndani! Basi tumekwisha, mji mzima mbovu!" Akacheka kicheko chake cha ng'ambo ya mto, bila ubaya hata kidogo, kama mtu aliyekutana na ndugu wa kijiji kimoja katika nchi ya mbali.

Wifi yangu alimtazama. Nilifikiri atalia. Akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka, akacheka hadi akalalia piano, na vitufe vya chini vikanguruma chini ya kiwiko chake. Tangu arudi sikuwa nimemwona hivyo. Mimi nikamwaga supu ngazini na sikujali.

Alipopata pumzi akajifuta uso. "Sawa," akasema. "Basi tutaanzia ng'ambo ya kona."

Akamfundisha kinyumenyume. Kwanza sehemu ya pili, yenye furaha kama jua, mpaka mikono ikaizoea kama nyumbani. Kisha nota chache kabla yake, waingie humo. Kisha nyingine chache kabla ya hizo. Kila somo wanarudi nyuma hatua ndogo na kwenda mbele. Huku chini wateja walianza kwa kulalamika, wakaja wakazoea, wakaishia kuwa mashabiki. Asubuhi moja Mzee Kao akaanza mwanzo kabisa, akaja, akafika kwenye kona, na akapita! Duka zima likagonga mabakuli. Mume wangu aliamka akidhani ni tetemeko.

Nami sikuacha kuchokoza. "Wifi, si umeona? Umeshapiga mbele ya mtu."

"Mwanafunzi si mtu."

"Na mimi je?"

"Wewe una mdomo mrefu. Nikikosea, Chiayi nzima itajua kabla sijafunga piano."

Hapo alinipata.

Karamu ilikuwa mchana, barabarani, kama kawaida yetu: hema la mistari limefunga njia, meza za duara zenye plastiki nyekundu, wapishi wanapiga kelele nyuma ya mvuke, na mbele limeegeshwa lori la jukwaa lenye taa za kuwakawaka na kinanda cha umeme. Meza ya mbele walikaa jamaa wa bwana harusi kutoka Budai, na kati yao bibi yake, kikongwe mdogo mwenye meno mawili na macho ya kuona kila kitu. Mimi, mume wangu na Pi-yun tulikuwa meza ya kando. Kamba walikuwa wazuri kweli.

Baada ya kamba, Mzee Kao akapanda jukwaani na suti iliyombana tumbo. Akashika kipaza sauti, akasema, "Yi-chun, baba yako hajui kuongea," akakirudisha, akakaa. Akaanza.

Hema lilipasuka kwa kicheko. Wenzake wa kazini walikuwa wamejiandaa: meza mbili nzima zikasimama, kila mtu na mfuko wa taka, wakapanga foleni mbele ya jukwaa. Bibi harusi alifunika uso kwa mikono miwili, na kwa dakika moja sikujua anacheka au zile siku za shule zimemrudia. Akachungulia kati ya vidole. Alikuwa anacheka, ila hajaamua vizuri.

Mzee Kao akafika kwenye kona. Akarudi mwanzo.

Watu wakashangilia, maana ndivyo gari linavyofanya. Akaja tena, akarudi tena. Watu wakazidi kushangilia, wanaona mzee ni mchekeshaji hodari. Lakini mimi nilikuwa nimemsikia kwenye dari yangu majira mazima. Niliona shingo yake inavyolowa jasho. Hachekeshi. Amepotea, na akizidi kuzunguka hivi, binti yake atakuwa ameletewa gari la taka mpaka harusini, basi.

"Wifi," nikanong'ona, "mzee hatoki."

"Naona."

"Utamwacha?"

"Atatoka. Anaijua."

"Na wewe ulikuwa unaijua."

Neno lilinitoka kabla sijalishika. Pi-yun alikuwa ameshika kamba kwa vijiti. Akamrudisha polepole kwenye sahani. Akainuka, akapita katikati ya foleni ya mifuko ya taka, wakampisha wakidhani naye ni sehemu ya mchezo, akapanda ngazi za lori, akasimama upande wa kulia wa Mzee Kao.

Alisubiri wimbo uzunguke. Ulipoikaribia kona akaweka mikono yake juu ya vitufe. Kona ikafika. Mkono wa Mzee Kao ukaanza kurudi. Wa Pi-yun ukaenda mbele.

Ile sehemu yenye jua ikafunguka, kwenye kinanda cha plastiki, chini ya taa za kijani na nyekundu. Mzee Kao aliisikia, akageuka, akaidaka. Mikono minne ikaenda pamoja, ikarudi kwenye mwanzo kwa haki, kama wimbo ulivyoandikwa, ikapita pale pa giza ambapo mkono wa kushoto unagonga nota moja kama mlango, ikashuka, ikatulia. Ukaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa watu wa umri wote, tuliotupa taka kwa wimbo ule maisha yetu yote, na nadhani kila mmoja alikuwa anasubiri uanze tena. Kisha mmoja wa wale wenye mifuko akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe una mwisho!"

Hapo ndipo makofi yalipokuja. Yi-chun alikuwa amekwisha kuondoa mikono usoni. Alikuwa amesimama, vipodozi vimemchuruzika, analia kwa sauti kama mtoto, na baba yake anashuka jukwaani bila kutazama ngazi.

Pi-yun alibaki juu peke yake. Akaanza kuinama. Namjua mtu anayeaga. Nilijua akishainuka atateremka, na hatapanda tena.

Yule bibi wa Budai akagonga meza kwa kijiko. Hakumjua Pi-yun ni nani, alidhani ni mpiga kinanda wa lori, wa kukodishwa.

"We binti!" akaita. "Unazo nyingine, au unajua hiyo ya taka tu?"

Hema zima likageuka. Mume wangu akainamisha kichwa kwa aibu. Wifi yangu akamtazama yule bibi, na mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Ninazo, Bibi," akasema. "Lakini ni ndefu."

"Supu ya samaki bado haijaja. Piga."

Pi-yun akavuta kiti. Akakisogeza mbele, akakirudisha nyuma kidogo, akamwomba mwenye lori azime zile taa. Akakaa na mikono mapajani, ametulia. Kisha akaanza, na baadaye aliniambia kwamba ndiyo ile sonata iliyomtia hofu ya kona, ndefu, iliyojaa mahali panapofanana na pengine. Kila alipokaribia mahali kama hapo nilishika plastiki ya meza, na kila mara alipita. Supu ilikuja, ikakaa, ikapoa. Mimi nililia mbele ya watu wote na kamasi zikanitoka, maana nilikuwa namsikia wifi yangu.